Kufundisha Uandishi wa Tarehe za Kazi na Mapengo Yake

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi ambayo mwalimu wa shule ya msingi huombwa kuyaandika au kuyasahihisha ni maelezo binafsi ya mwombaji kazi, ambayo wengi huyaita sivii. Kijana aliyehitimu shuleni hapo humjia mwalimu wake wa zamani akitaka kuomba kazi katika kiwanda cha samaki. Mzazi huja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akitaka ipangwe vizuri. Na mwalimu mwenyewe, kabla hajaingia darasani kwa mara ya kwanza, hana budi kuandika maelezo yake akiomba nafasi ya kufundisha.

Barua ya kuomba kazi imefundishwa katika masomo ya lugha tangu zamani. Anwani, salamu, kiini cha barua na saini ni mambo ambayo wengi wetu tunayafahamu. Sehemu ambayo aghalabu haifundishwi ni ile ya tarehe: mtu alianza kazi lini, aliacha lini, na baina ya kazi moja na nyingine alikuwa wapi. Kwa kuwa haifundishwi, waandishi hubahatisha. Wengine huacha tarehe kabisa, wengine huandika miaka mitupu, na wengine huzivuta tarehe mbele na nyuma mpaka pengo lionekane limezibwa.

Katika makala haya tutaeleza kwanza kwa nini waajiri huuliza tarehe, kisha jinsi ya kuziandika na kueleza vipindi visivyo na ajira, na mwisho namna ambavyo mwalimu anaweza kulifundisha jambo hili katika madarasa ya juu ya shule ya msingi na katika madarasa ya watu wazima. Rai yetu ni moja: pengo katika maelezo ya mtu ni sehemu ya maisha yake, nalo huelezwa kwa mstari mmoja wa kweli. Likifunikwa kwa tarehe za uongo hugeuka kuwa kosa ambalo halikuwapo mwanzoni.

1. Kwa nini tarehe huulizwa

Mwajiri asomaye maelezo ya mwombaji hutafuta mambo matatu katika tarehe. La kwanza ni kiasi cha uzoefu: mtu aliyefundisha Hisabati kwa miezi 30 si sawa na yule aliyeifundisha kwa miezi 2. La pili ni mfululizo: je, mtu huyu hukaa kazini, au huhama kila msimu? La tatu ni uthibitisho. Tarehe ndicho kitu ambacho mwajiri anaweza kukilinganisha na barua ya ajira, cheti cha chuo, au taarifa ya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii.

Kwa kazi yetu ya ualimu ipo sababu ya nne, nayo ni usalama wa watoto. Nchini Uingereza, mwongozo wa serikali kuhusu ulinzi wa watoto shuleni unazitaka shule zichunguze mapengo katika historia ya kazi ya kila mwombaji na kuridhika na maelezo yake kabla ya kumwajiri. Shabaha yake ni kuhakikisha kwamba mtu aliyeondolewa shule moja kwa kuwadhuru watoto hapati njia ya kuingia shule nyingine kwa kuificha miezi ile. Tukilifahamu hilo, hatutaona tena kwamba swali la mwalimu mkuu kuhusu pengo letu ni dharau. Yeye hulinda watoto ambao kesho tutakabidhiwa sisi.

2. Pengo si aibu

Wengi huona haya kwa mapengo yao kwa kudhani kwamba yametokana na uvivu au upungufu wao. Yafaa mwalimu awaonyeshe wanafunzi wake kwamba mara nyingi mapengo huletwa na mambo makubwa kuliko mtu mmoja. Historia ya mikoa hii ya Ziwa Victoria ina mifano mingi.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma linakumbukwa zaidi kwa uamuzi wa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977. Lakini liliamua pia kwamba vijana waliomaliza kidato cha sita wasiende moja kwa moja chuo kikuu, bali wafanye kazi kwanza kwa muda usiopungua miaka miwili. Wakati sharti hilo lilipotumika, miaka baina ya shule na chuo kikuu haikuwa doa: ilikuwa sifa, na ilibidi iandikwe na kuthibitishwa na mahali pa kazi. Vivyo hivyo kwa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Mpango wa kuwachukua vijana kwa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Muda wa kambini huandikwa kama mafunzo, wala hauachwi wazi.

Mfano mwingine ni wa pamba. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zake katika zao la pamba zikachukuliwa na Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama hivyo virudi, na vikaanza tena kazi kuanzia mwaka 1984. Mtu aliyefanya kazi katika kinu kimoja cha kuchambua pamba miaka hiyo yote alibadilishiwa mwajiri mara mbili bila yeye kuhama. Akiandika jina la mwajiri mmoja tu, tarehe zake hazitalingana na kumbukumbu. Anapaswa kuandika mahali alipofanya kazi, muda wote aliokaa, na kueleza kwa sentensi moja kwamba mwajiri alibadilika.

Katika miaka ya karibuni wahitimu wa ualimu wenyewe wamekuwa mfano. Mhitimu wa miaka ya 1970 alipangiwa shule mara alipomaliza chuo. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi na vyeti vyao, na hata ajira zilipofunguliwa tena, nafasi zilikuwa chache kuliko wahitimu. Siku hizi mwombaji wa nafasi ya ualimu serikalini hujaza taarifa zake katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na kuitwa kwenye usaili. Wako waliosubiri miaka mitano, na wako waliosubiri zaidi. Aidha, mwaka 2020 shule zilifungwa kuanzia katikati ya Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na madarasa ya msingi yakafunguliwa tarehe 29 Juni. Walimu wengi wa shule za binafsi wana alama ya miezi hiyo katika maelezo yao.

Kwa hiyo mwalimu mwanafunzi asomaye makala haya hana budi kujitayarisha. Huenda pengo la kwanza atakalolieleza likawa lake mwenyewe.

3. Kanuni za kuandika tarehe

(a) Andika mwezi na mwaka. Miaka mitupu haitoshi. Aliyefanya kazi kuanzia Januari 2019 hadi Desemba 2020 amefanya miezi 24. Aliyeanza Desemba 2019 na kuacha Januari 2020 amefanya miezi 2. Wote wawili wakiandika 2019–2020, karatasi zao zitafanana, na msomaji makini atamshuku hata yule wa kwanza, ambaye hakuwa na la kuficha.

(b) Mwezi uandikwe kwa jina. Kwetu 4/3/2021 ni tarehe 4 Machi. Nchini Marekani ambako mwezi hutangulia, tarakimu hizo hizo husomwa kuwa Aprili 3. Kwa kuwa kampuni na mashirika mengine yanayoajiri huku kwetu yana wasomaji wa nje, ni salama kuandika Machi 2021. Fomu ikitaka siku kamili, siku hiyo inakiliwa kutoka katika barua ya ajira, haikisiwi.

(c) Fuata mpangilio mmoja. Waajiri wengi hupenda kazi ya karibuni itangulie, kisha ya kabla yake, hadi ya mwanzo. Jambo la kuepuka ni kuchanganya mipangilio miwili katika ukurasa mmoja.

(d) Tarehe zitoke katika hati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi ya kazi yake, pamoja na tarehe ya kuanza, na ajira inapokoma ampe hati ya utumishi. Mwalimu anayeanza kazi katika shule ya binafsi na adai hati hizo kwa adabu, azitunze pamoja na vyeti vyake. Akilini tarehe hufifia. Ya karatasini hubaki.

(e) Maneno "hadi sasa" yatumike kwa kazi ambayo mtu bado anaifanya siku anapoandika, na karatasi yenyewe iwe na tarehe. Maelezo yaliyoandikwa miaka miwili iliyopita, na ambayo bado yanasema "hadi sasa" kwa kazi iliyokwisha, yamekuwa ya uongo bila mwenyewe kukusudia.

(f) Kazi za msimu ziunganishwe. Kijana aliyefanya kibarua cha kupima pamba kila msimu kwa miaka minne asiandike mistari minne yenye mapengo manne. Yatosha kuandika: "2017 hadi 2020, kila mwaka Mei hadi Agosti: kibarua wa kupima pamba." Msomaji ataelewa mara moja kwamba kazi yenyewe ndiyo ya msimu.

4. Namna ya kueleza pengo

Kabla ya kulieleza pengo, yatupasa tuhakikishe kwamba ni pengo kweli. Likizo ya uzazi si pengo. Sheria tuliyoitaja humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ajira yake huendelea siku zote hizo. Basi asikate tarehe zake. Hali kadhalika mwajiriwa aliyeruhusiwa kwenda masomoni huku akibaki mtumishi hana pengo.

Pia kuna vipindi ambavyo havina ajira, lakini vina kazi. Mhitimu aliyejitolea kufundisha katika shule ya kijiji kwa posho ndogo amefundisha. Na aandike hivyo, akitaja wazi kwamba alikuwa mwalimu wa kujitolea, bila kujiita mwajiriwa. Aliyeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, aliweka hesabu ya mali, akakopesha na kukopa, akashughulika na wateja. Aliyelima, aliyefundisha watoto masomo ya ziada, aliyeendesha bodaboda, wote wana la kuandika.

Baada ya kuondoa hayo, mapengo yanayobaki ni machache, na kila moja huelezwa kwa mstari mmoja wenye tarehe na sababu fupi. Tutazame mfano huu, ambao tumeutunga na kuupanga kuanzia kazi ya mwanzo ili mwanafunzi afuate hesabu kwa urahisi:

Machi 2018 – Novemba 2020: Mwalimu wa Hisabati na Sayansi, darasa la III na la IV, shule ya msingi ya binafsi, Ilemela.
Desemba 2020 – Agosti 2021: Nilikuwa nyumbani Ukerewe nikimuuguza mzazi.
Septemba 2021 – Desemba 2022: Mwalimu wa kujitolea, darasa la II, shule ya msingi, Ukerewe.

Mstari wa pili hauombi radhi wala haujitetei. Hausimulii ugonjwa wala gharama za hospitali. Unasema tu mtu alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini, kisha unapisha mstari unaofuata. Msomaji akitaka kujua zaidi atauliza siku ya usaili, na mwombaji atamjibu kwa sentensi mbili au tatu, kisha arudi kwenye kazi anayoiomba.

Hapa hatuna budi kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani kusitiri na kudanganya. Mtu aliyeugua halazimiki kuutaja ugonjwa wake; "sikuwa kazini kwa sababu ya afya, na sasa nimepona" ni kauli ya kweli iliyokamilika. Mwanamke aliyekaa nyumbani kulea wanawe halazimiki kueleza habari za ndoa yake. Kusitiri ni kuacha yasiyomhusu msomaji. Kudanganya ni kumpa msomaji tarehe ambayo mwandishi anajua si ya kweli. La kwanza ni haki ya kila mtu, la pili si haki ya yeyote.

5. Gharama ya tarehe ya uongo

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika tarehe za kazi njia hiyo ni fupi zaidi, kwa sababu tarehe moja hugusana na nyingine. Anayeongeza miezi tisa kwenye kazi yake ya kwanza ili kuziba pengo atakuta kwamba hati ya utumishi inataja mwezi mwingine, michango ya mfuko wa hifadhi ilikoma mapema, na mwalimu mkuu wa zamani, ambaye amemtaja kuwa mdhamini wake, anakumbuka siku aliyomuaga. Ili kuulinda uongo wa kwanza itambidi aghushi hati, na hapo ameingia katika kosa la jinai.

Nchi yetu imekwisha kuuona mwisho wa njia hiyo. Aprili 2017 Serikali ilitangaza kwamba watumishi 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa katika utumishi. Uhakiki huo ulihusu vyeti, si tarehe za kazi. Lakini funzo lake latuhusu: taarifa iliyoandikwa siku ya kuomba kazi hukaa katika jalada la mtumishi kwa miaka, na yaweza kufunguliwa wakati ambapo mtu ana watoto shuleni na nyumba nusu ya kujengwa. Matangazo ya nafasi za kazi serikalini nayo huonya kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria.

Tupime basi. Pengo la miezi tisa lililoelezwa huweza kumkosesha mtu nafasi moja, kwa mwajiri mmoja asiyeelewa. Tarehe ya uongo huweza kumkosesha mtu kazi yote, baada ya kuitumikia miaka kumi.

6. Kulifundisha somo darasani

Kanuni ya zamani ya ualimu hutuagiza tuanze na kinachojulikana, ndipo twende kwenye kisichojulikana. Mtoto wa pwani ya ziwa anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na kwamba mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi hupumzisha mitumbwi. Mwalimu aulize: "Siku hizo baba au kaka yako hufanya nini?" Watajibu kwamba hushona nyavu, huziba mtumbwi, huenda kusalimia jamaa, au hulala tu. Mwalimu aandike majibu yote ubaoni, kisha aulize tena: "Je, mvuvi huyu si mvuvi kwa siku hizo?" Kwa maswali hayo mawili darasa litakuwa limeufahamu msingi wa somo, kwamba siku zisizo na uvuvi ni sehemu ya maisha ya mvuvi na zina maelezo yake.

Zana. Mwalimu atayarishe kamba ya mita 3 na vizibo vya soda visivyopungua 60. Kila sentimita 60 za kamba ni mwaka mmoja, na kila sentimita 5 ni mwezi mmoja. Hivyo kamba nzima ni miaka 5. Kamba ifungwe mafundo penye kuanza na kuisha kwa kila mwaka, kisha itandazwe sakafuni au chini ya mti.

Hatua ya kwanza. Mwalimu asome mfano tuliouonyesha hapo juu, bila ule mstari wa pili. Wanafunzi waweke kizibo kimoja kwa kila mwezi wa kazi, kuanzia Machi 2018 hadi Desemba 2022. Wote wataiona sehemu tupu. Hapo mwalimu awaulize mwajiri atafikiri nini akiiona kamba hii. Wanafunzi watataja mengi, na aghalabu yatakuwa mabaya kuliko ukweli wenyewe. Hilo ndilo fundisho: pengo lisiloelezwa hujazwa na mawazo ya msomaji.

Hatua ya pili ni hesabu. Kutafuta muda baina ya tarehe mbili, wanafunzi watoe mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka, kisha waongeze mwezi 1, kwa kuwa mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza yote huhesabiwa. Kutoka Machi 2018 hadi Novemba 2020: miezi 11 toa 3 ni 8, miaka 2020 toa 2018 ni 2, miaka 2 na miezi 8, ongeza mwezi 1, jumla ni miaka 2 na miezi 9, yaani miezi 33. Pale mwezi wa mwisho unapokuwa mdogo kuliko wa kwanza, wanafunzi waazime mwaka 1 na kuufanya miezi 12. Kutoka Septemba 2021 hadi Desemba 2022 hakuna kuazima, na jibu ni miezi 16. Kutoka Desemba 2020 hadi Agosti 2021 kuna kuazima, na jibu ni miezi 9. Mwisho wajumlishe: 33, 9 na 16 ni 58. Wahesabu pia nafasi zote kwenye kamba kuanzia Machi 2018 hadi Desemba 2022. Nazo ni 58. Hesabu ikilingana, maelezo yamekamilika. Isipolingana, kuna mwezi uliosahauliwa au uliozidishwa.

Hatua ya tatu ni kuandika. Kila mwanafunzi atunge mstari mmoja wa kulieleza pengo la miezi tisa, kwa sababu atakayoichagua mwenyewe. Mwalimu asahihishe kwa maswali matatu: Je, una tarehe? Je, ni mfupi? Je, unasema jambo ambalo mtu aweza kulisimamia akiulizwa?

Angalizo. Mwalimu asimtake mwanafunzi asome mbele ya darasa mapengo ya wazazi wake. Wako watoto ambao baba zao walifungwa, au walifukuzwa kazi, au hawajulikani waliko. Mifano ya darasani iwe ya kutungwa. Mwanafunzi akitaka kuandika habari za nyumbani kwake, amwonyeshe mwalimu peke yake.

Katika darasa la watu wazima somo hubadilika, kwani wanakisomo hukumbuka kazi zao vizuri lakini hawakumbuki tarehe. Hapa itumike kalenda ya matukio, kama ile ambayo makarani wa sensa huitumia kukisia umri wa wazee. Mwalimu aandike ubaoni nguzo chache ambazo kila mtu anazijua: Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, kifo cha Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999, kufungwa kwa shule, Machi hadi Juni 2020. Kisha amwulize mwanakisomo: "Meli ilipozama, ulikuwa umeshaanza kazi kiwandani?" Kwa kusogea kutoka nguzo moja hadi nyingine, tarehe itakaribia kupatikana, na hati kama ipo itaithibitisha. Ikiwa hakuna hati, aandike mwaka na neno "takriban". Takriban ya kweli ina heshima kuliko mwezi wa kubuni.

Njia hii ya kufundisha kusoma na kuandika kwa kutumia kazi za watu wenyewe si ngeni hapa. Mwaka 1968 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO na kuhusu mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake vilifundisha herufi kwa njia ya pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi. Sisi tunaongeza jambo moja tu juu ya msingi huo: mtu aliyejifunza kusoma kwa njia ya kazi yake na ajifunze pia kuiandika kazi hiyo na tarehe zake.

7. Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi

(i) Andika tarehe zako mwenyewe kuanzia ulipomaliza shule ya sekondari hadi leo, mwezi kwa mwezi. Taja kila pengo na ulieleze kwa mstari mmoja.

(ii) Tafuta muda kutoka Septemba 2016 hadi Februari 2019. (Jibu: miezi 30.)

(iii) Mwombaji ameandika: "2015–2018, mwalimu." Tunga maswali matatu ambayo mwalimu mkuu atamwuliza, kisha uandike upya mstari huo ili maswali hayo yasihitajike.

(iv) Tayarisha andalio la somo la vipindi viwili kwa darasa la juu la shule ya msingi, ukitumia kamba ya miaka. Kipindi cha kwanza kiwe cha Hisabati na cha pili kiwe cha Kiswahili.

Hitimisho

Tumeona kwamba tarehe huulizwa kwa sababu njema, kwamba mapengo huletwa na maisha na mara nyingi na mambo ya nchi nzima, na kwamba mwezi, mwaka na sababu fupi vyatosha kulieleza pengo lolote. Mbinu tulizopendekeza hazihitaji fedha. Kamba na vizibo hupatikana kila kijiji.

Jambo la mwisho ni la mfano wa mwalimu mwenyewe. Mhitimu aliyesubiri ajira miaka mitano, akaandika kwa mkono wake "Nilikuwa nikilima na kujitolea kufundisha huku nikisubiri ajira," ataweza kusimama mbele ya watoto na kuwafundisha somo hili bila kigugumizi. Aliyezivuta tarehe zake hataweza, maana kila kizibo atakachowaona wakikiweka kitamkumbusha cha kwake. Tuzianze kazi zetu kwa karatasi ambayo hatutaogopa ifunguliwe.